Ukitupwa nje ya jukwaa, mruko wa pili uweke kwanza

Vijana wanaokuja kucheza Super Smash Bros. Ultimate, gemu ya kupigana, ofisini kwangu hapa Kirumba, Mwanza, huchagua mpiganaji kwa nguvu ya ngumi. Wapiganaji wako zaidi ya 80, lakini mgeni atakwambia tu, "Fundi, nipe anayepiga sana." Basi anapewa Ganondorf au Little Mac, na dakika haijaisha keshakufa. Mimi mtu wangu nilimchagua kwa kuangalia akitupwa nje anarudije.

(Ofisi yenyewe ni meza ya fundi simu. Switch, mashine ya gemu ya Nintendo, niliinunua kwa mteja aliyekuwa anatafuta nauli ya Bukoba. Umeme ukikatika tunaendelea kwa chaji yake, ndiyo maana jioni watu hawaishi.)

Kwa asiyeujua mchezo huu: hakuna damu inayopungua. Ukipigwa, asilimia zako zinapanda, na zikipanda unarushwa mbali zaidi. Unakufa ukivuka mpaka wa pembeni, wa juu au wa chini. Kwa hiyo muda mwingi uko hewani, chini hakuna kitu, na unatakiwa uamue haraka unarudi kwa njia gani. Little Mac akiwa ardhini ni moto wa kuotea mbali. Mtoe nje kidogo tu uone, hana hewa kabisa.

Mimi nacheza Fox. Ana mruko wa pili, yaani kuruka tena akiwa tayari hewani, ana kukwepa hewani, ana ule mchomoko wa pembeni unaoitwa Fox Illusion, halafu ana Juu-B yake (unasukuma fimbo juu na kubonyeza B), Fire Fox. Mchomoko una kasi ila unakwenda mlalo tu. Mtu akikungoja kwenye kimo hicho na upanga, umejipeleka mwenyewe. Fire Fox unaielekeza upande wowote unaotaka, lakini kabla haijaondoka Fox anaganda hewani anawaka moto, na mpinzani mwenye akili anakufuata hapohapo. Ikiisha huna ujanja tena mpaka ukanyage jukwaa au ushike ukingo.

Sasa hawa vijana, wakitupwa tu, kidole kishabonyeza kuruka. Hata hawajaangalia mwenzao amesimama wapi! Juu-B ukiitumia kisha ukapigwa hewani, unaipata tena. Mruko wa pili haurudi hivyo, mpaka utue au ushike ukingo. Ndiyo akiba yako. Ukiwa nao bado, mpinzani anabaki kubahatisha. Ukishauchoma, njia imebaki moja na yeye anaiona. Mwenye madeni hashuki kituo kilekile cha daladala kila jioni; mdai atamkuta Mabatini amekaa na soda yake.

Shemeji yangu anacheza Ike, na kwake nimelazimika kuwa mvumilivu. Akinitupa kulia, siruki. Najiachia nishuke huku namwangalia miguu. Akija kusimama ukingoni kabisa, naruka, kisha mchomoko unanipitisha juu ya kichwa chake. Akirudi nyuma kidogo, najua anausubiri huo mchomoko, kwa hiyo nazama chini ya jukwaa na kupanda na Fire Fox hadi ukingoni. Akiruka kunifuata hukohuko nje, ndipo nakwepa, na hapo roho iko juujuu, maana kukwepa hewani ni mara moja tu mpaka utue au upigwe.

Ukingo nao una mambo yake. Ukiushika unapata kinga ya muda mfupi, lakini ukiuachia na kuushika tena bila kukanyaga jukwaa, kinga hiyo haipo. Kwenye Melee, toleo la zamani la mchezo huu la 2001, ilikuwa balaa zaidi: mwenzako akiwahi kuushika, wewe huna pa kushika, unaenda na maji. Tangu matoleo ya 2014 unamng'oa na kukaa wewe. Nadhani walifanya vizuri, ingawa wapo wanaoulilia ule ukatili.

Ness simshauri mtu. Umeme wake anaurusha, anauzungusha, halafu lazima umgonge yeye mwenyewe ndipo arushwe kurudi. Shemeji anachofanya ni kuingiza mwili katikati. Umeme unaishia kwake, anaumia kidogo, Ness anaenda chini. Kingine, fimbo ya pedi yetu moja imechoka kwa kushikwa na kila mtu; ilikuwa inavuta kushoto yenyewe. Kwa ngumi za kawaida huoni tofauti, ila ukielekeza Fire Fox juu inakwenda pembeni na kukupeleka kuzimu. Nimeifungua na kubadilisha fimbo yote. Kama Juu-B yako inakwenda kombo kila mara, angalia pedi kabla ya kulaumu mkono.

Dogo wa duka la jirani ameachana na Ness, amehamia Sonic, na amekuwa msumbufu. Springi ya Sonic haimwachi hoi: akisharushwa juu bado anaweza kupiga, na springi yenyewe inamwangukia aliyemfuata kwa chini. Nimeacha kumkimbiza nje. Namwachia apande, halafu namngoja pale anapotua.