Pweza Waliorudi Juu: Historia Iliyofichwa Ndani ya Splatoon

Mtu anayeitazama Splatoon kwa mara ya kwanza huona rangi tu. Vijana wanane wamegawanyika timu mbili, wanne kwa wanne, wakiwa wamebeba bunduki zilizojaa wino, rola za kupakia rangi, burashi na hata ndoo, na kwa dakika tatu wanashindana kuufunika uwanja kwa rangi ya timu yao. Hakuna damu wala maiti. Anayepigwa hupasuka na kuacha dimbwi la wino, kisha hurudi uwanjani baada ya sekunde chache. Muda ukiisha, paka mnono aitwaye Judd huinua bendera ya timu iliyopaka eneo kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo, wengi huliona kuwa gemu la watoto na kuishia hapo. Mimi ninashikilia kwamba chini ya wino ule mna hadithi iliyofikiriwa kwa makini kuliko ya gemu nyingi za kurushiana risasi zinazojiita za watu wazima: hadithi ya jamii iliyoshindwa vita, ikafungiwa chini ya ardhi, ikafanywa shabaha ya mchezaji, kisha, toleo baada ya toleo, ikapanda tena juu na kuwa jirani.

Splatoon ni kazi ya Nintendo ya Japani, na toleo lake la kwanza lilitoka tarehe 28 Mei 2015 kwa mashine ya Wii U. Katika majaribio ya mwanzo hapakuwa na ngisi wala pweza. Palikuwa na vibonge vya mstatili, vinavyofanana na vipande vya tofu, vikirushiana wino. Baadaye watengenezaji wakajaribu sungura, na hatimaye wakafika kwa ngisi. Uamuzi huo ulitatua jambo kubwa la kiufundi na la kihadithi kwa pamoja. Mchezaji alihitaji kuzama ndani ya rangi yake, kujificha humo, kwenda kasi na kujaza tena silaha yake, na ngisi ni kiumbe ambaye msomaji yeyote wa pwani anajua kwamba wino ni sehemu ya mwili wake. Kanuni za mchezo na maumbile ya mhusika zikawa kitu kimoja, na kutoka hapo ulimwengu mzima ukaanza kujengeka.

Ulimwengu huo umekuja baada yetu. Bahari ilipanda, binadamu wakaangamia yapata miaka 12,000 kabla ya matukio ya gemu, na viumbe wa baharini wakapanda nchi kavu kurithi kilichobaki. Ngisi wakawa Inkling, ambao wakifika umri wa miaka 14 huweza kudumu katika umbo linalofanana na la mtu, wakiwa na minyiri mahali pa nywele. Pweza wakawa Octarian, na miongoni mwao wenye umbo la kibinadamu huitwa Octoling. Wote hawa, ingawa asili yao ni bahari, hawawezi tena kuogelea. Wakitumbukia majini huyeyuka. Ni maelezo madogo, lakini ndiyo yanayoipa ardhi thamani yake yote katika hadithi hii, kwa kuwa kiumbe asiyeweza kurudi alikotoka hana budi kugombea mahali pa kusimama.

Habari hizi hazisimuliwi waziwazi. Zimetawanywa katika hati zilizofichwa ndani ya hatua za mchezaji mmoja, ambazo mchezaji mwenye haraka anaweza kuzipita zote na bado akamaliza gemu. Moja inaonyesha mabaki ya mifupa ya binadamu yaliyogeuka kuwa jiwe. Nyingine zinaeleza Vita Kuu ya kugombea ardhi, iliyopiganwa miaka 100 iliyopita, wakati bahari ilipozidi kula nchi kavu na ngisi na pweza, walioishi pamoja kwa amani, wakaanza kugombania kilichosalia. Pweza walikuwa na nidhamu na mitambo mikubwa ya vita, lakini walishindwa, na hati inadokeza kwamba sababu ilikuwa plagi ya umeme iliyochomoka. Ninaipenda sana hati hiyo kwa sababu inakataa kuwapa washindi fahari ambayo kwa kawaida washindi hujiandikia. Inkling hawakushinda kwa sababu walikuwa bora au wenye haki zaidi.

Walioshindwa walishuka chini ya ardhi na kuishi ndani ya makuba chini ya anga ya bandia. Umeme wao ukapungua mwaka hadi mwaka. Gemu la kwanza linapoanza, samaki mkubwa wa umeme anayeliwezesha jiji la Inkopolis kuwaka taa ametoweka, na Cap'n Cuttlefish, mzee aliyepigana katika vita ile, anamwajiri mchezaji kwa jina la Agent 3 kwenda kumrudisha na kumpiga DJ Octavio, kiongozi wa pweza. Kwa mchezaji wa kawaida, hilo ni kisa cha mwizi na polisi. Kwa aliyesoma hati, ni kisa cha jiji lenye kila kitu likimnyang'anya tena jirani aliye gizani chanzo chake pekee cha mwanga. Gemu halikulazimishi kufikia hukumu hiyo, wala halikuzuii. Linakupa ushahidi na kukuacha uendelee kufyatua.

Kisha unakuja muziki, na hapa ndipo watunzi walipoonyesha ustadi wao mkubwa. Katika pambano la mwisho dhidi ya Octavio, wakati wimbo wake mzito unatikisa uwanja, Callie na Marie, wajukuu wa Cuttlefish na wanamuziki mashuhuri wa Inkopolis, wanaingilia kati kwa kuimba wimbo wao wa jadi. Mchezaji huupokea kama ishara kwamba ushindi umekaribia. Miaka miwili baadaye tunakuja kujua kwamba wimbo huo ulisikika pia na askari wa upande wa pili, na kwamba baadhi ya Octoling walioupata moyoni waliweka silaha chini na kuondoka makubani kwenda kuutafuta ulikotoka.

Mmoja wao ni Marina. Splatoon 2 ilitoka tarehe 21 Julai 2017 kwa mashine ya Switch, na watangazaji wake wa kila siku ni Pearl, Inkling mfupi wa familia tajiri mwenye sauti ya kupasua miamba, na Marina, msichana mrefu na mpole anayeshughulikia mitambo ya muziki. Mtu mwenye jicho kali angeigundua minyiri ya Marina siku ya kwanza, kwa kuwa ni ya pweza, si ya ngisi. Lakini hakuna mtu jijini anayelitaja jambo hilo, na gemu lenyewe halikulitangaza kwa kishindo. Marina alikuwa mhandisi wa jeshi la Octarian, na mitambo aliyoibuni ndiyo ile ile ambayo mchezaji alikuwa akiivunja katika toleo la kwanza. Alifika juu bila ndugu, akakutana na Pearl mlimani, wakaanza kutunga nyimbo pamoja. Siri yake inapofichuka mbele ya mzee Cuttlefish, adui wa zamani wa taifa lake, urafiki wake na Pearl hautikisiki hata kidogo. Katika wahusika wote wa mfululizo huu, yeye ndiye ninayemheshimu kuliko wote, kwa sababu hakugeuzwa kuwa mwema kwa kupigwa. Alisikia kitu kizuri akakifuata.

Nyongeza ya mwaka 2018, Octo Expansion, ndiyo kilele cha hadithi yote. Mchezaji safari hii ni Agent 8, Octoling aliyepoteza kumbukumbu na kuzinduka katika mtandao wa treni chini kabisa ya bahari. Aliye kando yake ni Cuttlefish yule yule. Mzee anamtambua kuwa pweza, anasikia kwamba kijana huyu pia anaubeba ule wimbo ndani yake, na anaamua kusafiri naye. Anayewaongoza ni simu ya zamani ya mezani inayozungumza, ambayo inamwita Agent 8 mwombaji nambari 10,008 na kumwahidi nchi ya neema kama atapita majaribio katika vituo vya treni na kukusanya vitu vinne vya ajabu. Unavikusanya kwa jasho, kituo baada ya kituo, vingine vikiwa vigumu kiasi cha kukatisha tamaa, na vinapounganishwa vinageuka kuwa blenda kubwa ambayo Agent 8 na mzee wanafungiwa ndani yake, visu vikianza kuzunguka chini ya miguu yao. Ndipo unapoelewa waombaji 10,007 waliotangulia walikwenda wapi.

Simu hiyo ni Commander Tartar, mashine iliyoundwa na binadamu wa mwisho ili kuwarithisha ujuzi wetu viumbe watakaostahili baada yetu. Ilingoja miaka 12,000, ikawatazama ngisi na pweza wakigombana kwa ajili ya ardhi na mitindo ya mavazi, ikawakatia tamaa. Baadhi ya Octoling iliwanyang'anya nafsi na kuwafanya watumishi wasio na hiari. Mwishowe ikakusudia kuangamiza jiji kwa mzinga uliofichwa ndani ya sanamu kubwa yenye umbo la binadamu. Sanamu hiyo inazimwa na sauti ya Pearl. Marina ndiye anayepanga hesabu na mabomu, Agent 8 anakimbia juu ya sanamu akiyalipua, na Pearl anapiga ukelele mmoja. Pweza wawili na ngisi mmoja wanaliokoa jiji ambalo halikuwahi kuwauliza pweza kama wanaishije, kutokana na hukumu iliyotolewa na mzimu wa binadamu. Sijaona gemu jingine la kurushiana risasi lililomweka binadamu mahali hapo kwa ujasiri wa namna hiyo.

Aliyemaliza nyongeza ile aliruhusiwa kucheza kama Octoling katika mapambano ya kawaida. Katika Splatoon 3, iliyotoka tarehe 9 Septemba 2022, swali la kwanza kabisa mchezaji anaulizwa ni kama anataka kuwa Inkling au Octoling, na jibu lolote halibadilishi chochote katika namna anavyopokewa jijini. Shiver, mmoja wa watangazaji watatu wapya, ni Octoling, na safari hii hakuna siri ya kufichua. Kilichoanza kama orodha ya maadui mwaka 2015 kimekuwa chaguo la kawaida la siku ya kwanza.

Inafaa kutaja pia kwamba wachezaji wenyewe wamekuwa wakiisukuma hadithi hii kwa kura za matamasha ya Splatfest. Mwaka 2016 wachezaji walichagua kati ya Callie na Marie. Marie akashinda, na huzuni ya Callie ikawa chanzo cha yeye kuangukia mikononi mwa Octavio katika toleo la pili. Mwaka 2019 ikawa vurugu dhidi ya utaratibu, Pearl upande mmoja na Marina upande wa pili. Vurugu zikashinda, na Splatoon 3 ikahamia Splatsville, jiji la nyikani lililojaa nyaya, vibao na majengo yaliyobanana.

Hadithi kuu ya toleo hilo inahusu Mr. Grizz, dubu anayetaka kuurudisha ulimwengu kwa wanyama wenye manyoya. Kwa tamasha la macho haina upungufu, ila kwangu dubu mwenyewe si sehemu yenye uzito. Uzito uko katika kumbukumbu za Alterna, makazi ya chini ya ardhi ya binadamu wa mwisho, zinazoeleza kwamba binadamu wachache waliookoka walijichimbia chini ya ardhi na kupamba kuba lao kwa fuwele zilizoonyesha anga waliyokuwa wakiitamani. Yaani binadamu wa mwisho waliishi kama pweza walivyokuja kuishi baadaye, chini ya mbingu ya kutengenezwa. Fuwele hizo zilimwagika baharini zikiwa zimebeba shauku yao, na viumbe walioziramba wakaanza kubadilika. Ukisoma hivyo, kiu ya Octarian ya kupanda juu ni urithi, na waliowarithisha ni sisi.

Februari 2024 ikaja Side Order, nyongeza ya Splatoon 3, na Marina akarudi kuwa kiini. Amejenga ulimwengu wa kompyuta kwa lengo la kuwarudishia nafsi zao Octoling waliochukuliwa na Tartar, lakini nguvu inayotaka kila kitu kikae palepale milele imeuteka ulimwengu huo na kuufanya mweupe, usio na rangi. Agent 8 anapanda mnara wa ghorofa 30 akisaidiwa na Acht, mwanamuziki wa Octoling ambaye yeye mwenyewe alipitia mikono ya Tartar. Ninachokistahi ni kwamba Marina, akiwa na umaarufu, fedha na rafiki wa kweli, bado anafanya kazi usiku na mchana kwa ajili ya wale waliobaki nyuma.

Hata hivyo deni moja halijalipwa. Waliopanda juu ni wale waliousikia wimbo. Raia wa kawaida wa makubani, wakiwamo askari ambao kila mmoja ni mnyiri uliokatwa ukapewa akili, bado wanaonekana kama shabaha pekee, na hakuna toleo lililotueleza tatizo lao la umeme liliishia wapi baada ya samaki kurudishwa mjini. Marina ndiye mhandisi pekee anayezijua pande zote mbili za mtambo. Gemu lijalo likimpa kazi hiyo, na kumtuma Agent 3 kushuka kule bila bunduki kumsaidia kuunganisha nyaya, mimi nitalinunua siku ya kwanza.