Wavulana, Mozart na Bongo Fleva

Mazoezi ya kwaya ya wavulana, Dodoma: anzeni na Mozart, kisha nyimbo za ibada, Bongo Fleva iwe mwisho kabisa. Mkigeuza, watoto hupiga kelele kwa sauti nzito ya kifuani, na zikifika noti za juu, sauti ya kwanza (ya juu) inashuka chini ya noti.

Kwa vijana 24, wa miaka 9 hadi 14, 14 waimbe sauti ya kwanza, 10 ya pili. Wimbo wa Bongo Fleva upandisheni ufunguo. Ule wa mwimbaji mwanamume mtu mzima mara nyingi uko chini mno kwao.

Kwaya ikianza kwenye ufunguo wa F na kumaliza E, yaani imeshuka nusu toni, msikimbilie kulaumu masikio. Mara nyingi pumzi imeisha, au "a" inatanuliwa mno. Waimbe mstari mzima kwa "u", polepole, ndipo warudishe maneno.

Watoto waliokulia kwenye ngoma za Wagogo wamezoea kuimba kwa sauti nyingi pamoja, na mara nyingi hawayumbishwi kirahisi na sauti ya jirani. Hao wawekeni katikati.

Kiangazi vumbi hukausha koo: maji ya vuguvugu, si ya barafu. Anayeanza kukwaruza kwa kubalehe asilazimishwe juu, ahamie sauti ya pili.