Basi sawa, mama

"Basi sawa, mama." Maneno matatu tu, na leo siku ya tano bado yananikereketa.

Ilikuwa Jumapili, uani kwa baba, Tanga. Mifuko kumi na miwili ya saruji ya Simba imepangwa juu ya mbao, ya kile chumba cha kupangisha. Baba akafunua turubai, akaupiga wa juu kwa kiganja, vumbi likaruka. "Hivi mama, wewe mwanasheria. Ule mwaka Twiga alipotaka kumnunua Simba, watu walikuwa wanagombania nini? Mwenye pesa si amenunua?"

Nikaanza kuhutubia. Kwamba Oktoba 2021 kampuni ya Scancem, ya kundi lile lile la Heidelberg lenye saruji ya Twiga, ilikubaliana kununua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement, watengenezaji wa Simba. Kwamba Tume ya Ushindani iliruhusu, Chalinze Cement na wengine wakakata rufaa, na Septemba 2022 Baraza la Ushindani likaitengua ruhusa. Nikataja hadi kifungu cha 11 cha Sheria ya Ushindani. Baba akairudisha turubai taratibu, akaweka tofali kwenye pembe. "Basi sawa, mama."

Wiki hii tumemuoza Zai, na ofisini nimehamishiwa mikataba. Lakini nikifumba macho naiona ile turubai.

Jana kwenye daladala ndipo nilipomwelewa. Baba alitaka kujua yeye mnunuzi anaingia wapi. Na anaingia, tena pale pale kwenye kifungu nilichokitaja kwa mbwembwe! Sheria ile ya 2003 inakataza muungano wa kampuni unaojenga au kuimarisha utawala wa soko, yaani mmoja kulishika soko, na wakati wa kesi ile mtu hakuhesabiwa mtawala mpaka sehemu yake ya soko ivuke asilimia 35. Mstari ule ulichorwa kwa ajili ya mtu mwenye mifuko kumi na miwili.

Sikungoja nifike nyumbani, nikampigia.

"Shikamoo baba. Bei ya Simba ikikushinda unakwenda wapi?"

"Marahaba. Nachukua Twiga."

"Na wote wakiwa wa bwana mmoja?"

Akanyamaza. Kisha: "Aa! Hapo ni mpangaji kuhama chumba, mwenye nyumba yule yule."

Miaka yote ya chuo sikuwahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo. Akauliza mbona mwishowe walinunua. Nikamwambia maombi yalirudi, Tume ikaruhusu tena 2023, na mwaka uliofuata sehemu kubwa ya hisa hizo ikauzwa kwa kampuni ya Amsons. Akauliza tena, na tena: nani alipima soko, walipimaje, Mbeya inahesabiwa na Tanga? Vocha ikaniishia katikati. Nilishuka kituoni natabasamu peke yangu.

Ila kuna neno alilipitisha haraka, nami kwa furaha nikaliacha lipite: dawa zake za presha zimeisha tangu Jumanne. Nimepiga mara mbili asubuhi hii, hapokei.