Upande wa Kwanza

Sanduku lenyewe lilikuwa la majani ya chai, la mbao nyembamba lililopigwa bati pembeni, na ndani yake mlikuwa na santuri kumi na moja. Liliachwa na Mfaransa mmoja aliyepanga chumba cha juu kwetu Mkomani, Lamu, akakaa miezi mitatu, kisha akaondoka alfajiri moja bila kulipa mwezi wa mwisho. Mama alitaka litupwe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nikaomba nipewe mimi badala ya ujira wangu wa kuwabebea wageni mizigo kutoka gatini. Nikapewa. Ugonjwa ulianzia hapo na sijapona hadi leo: nina santuri zaidi ya mia nne, na mke wangu anaziita zote kwa jina moja, "mizigo yako".

Nilianza na roki. Mlikuwa na Electric Ladyland ya Jimi Hendrix, ya mwaka 1968, ambayo ni ya sahani mbili, ila sandukuni mlikuwa na moja tu. Miaka sita nzima nilijua nimeisikia albamu kamili, na nilibishana na watu juu yake. Mlikuwa pia na Abraxas ya Santana. Jalada lake nililivika gazeti kwa ajili ya picha iliyochorwa juu yake. Mwenye kuijua picha hiyo atanielewa, na asiyeijua afikirie mama yangu akiingia chumbani ghafla.

Chini kabisa ilikuwa Kind of Blue ya Miles Davis. Hiyo niliiacha. Jalada lilikuwa na mtu na tarumbeta yake, hakuna gita, nikaona ni muziki wa wazee.

Gramafoni haikuwa yangu, ilikuwa ya ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba. Ami alikuwa mpiga udi. Jina hakuwa nalo. Lamu iliyomtoa Zein l'Abdin haikosi wapiga udi, na mtu akiwa mzuri kidogo tu hapewi sifa. Lakini sikio alikuwa nalo, tena lilimpa taabu. Kwenye maulidi, matari yakikazwa vibaya, alikuwa akihamia baraza ya mbali kama aliyekerwa na moshi. Santuri zake zilikuwa za taarabu, nyingi amezinunua Mombasa dukani kwa Assanands, na gramafoni yake ilikula betri sita kubwa, ambazo zikichoka tulizianika darini juani, zikapata uhai wa siku mbili tatu.

Usiku huo ulikuwa wa Novemba 1986, siku chache baada ya Maulidi. Wageni wameshaondoka, umeme umekatika, mji umenyamaza hata punda unamsikia akijikuna ukutani. Nilikuwa nikisikiliza Hendrix kwa sauti ya chini. Ami akaja mlangoni na taa.

"Huyo anapigana na nani?"

"Ni gita hilo, Ami."

"Nimeuliza anapigana na nani. Huna kitu cha mtu mwenye akili zake?"

Nikaitoa ile ya chini kabisa, kwa ubishi zaidi kuliko heshima.

Ukiijua So What, wimbo wake wa kwanza, unajua inavyoanza: piano na besi vinatafutana kwanza, kama watu wawili gizani. Kisha besi ya Paul Chambers inasema neno, na wengine wanalijibu kwa pigo mbili. Inasema tena, wanajibu tena. Ami akaiweka taa chini. "Wanaitikia amin," akasema. Na kweli, sikia mwenyewe: mmoja anaomba, jamaa wanaitikia. Nilikuwa nimeihukumu santuri ile mwaka mzima kwa jalada lake, na mzee wa kanzu akaielewa kwa nusu dakika.

Akaenda kuuchukua udi. Akakaa juu ya mkeka, akazikaza nyuzi mpaka zikakubaliana na piano ya Bill Evans, akaanza kupenya taratibu katikati yao. Coltrane na saksafoni yake akiingia, yeye ananyamaza. Coltrane akitoka, anatia maneno mawili matatu. Wimbo wa tatu, Blue in Green, Miles ameziba mdomo wa tarumbeta kwa kizibo cha bati. "Nai hii," Ami akasema, "filimbi ya maulidi ya msikiti wa Riyadha, ukiisikia uko nyumba ya tatu." Sijawahi kumwona amefurahi vile.

Nikaigeuza sahani.

All Blues ikaanza. Ami akapiga noti mbili, akasimama. Akapiga tena. Akanitazama.

"Umegusa nini?"

"Sikugusa kitu, Ami."

"Imeshuka."

Tukasema betri. Betri ikichoka sahani inazunguka polepole na sauti inashuka, hilo kila mtu Lamu alilijua. Nikatoa mpya za tochi ya dukani, kosa ambalo lilinigharimu kesho yake. Tukaanza upya. Bado imeshuka. Nikarudisha upande wa kwanza: udi na piano vikakumbatiana kama mwanzo. Upande wa pili: vikaachana. Tukaanza na upande wa pili, tukafuata na wa kwanza. Mara nne au tano tulifanya hivyo. Taa ilikuwa inakaribia kuisha mafuta, na Ami ametoa kilemba, amelaza sikio karibu na spika.

"Robo ya sauti," akasema mwishowe. "Si nusu. Ni robo, au inapungua kidogo."

Hapa lazima nieleze. Mpiga gita ana vikata kwenye shingo ya chombo chake. Kidole kikianguka kati, kikata kinamsamehe. Udi hauna. Na zile maqamu, yaani ngazi za sauti, tulizozipokea kwa Waarabu, kama Rasti na Bayati, zinakaa humo humo kwenye robo ambazo piano haina mahali pa kuziweka. Kwa hiyo kitu ambacho msikilizaji mwingine angekipita, kwa Ami kilikuwa kama kuingia nyumbani kwake akakuta kizingiti kimeinuliwa.

"Ama walileta vinanda viwili," akasema, "ama kuna mashine inayosema uongo."

Alichagua mashine, na kwa kuwa mashine ilikuwa mikononi mwangu, akanichagua na mimi. Lazima nimeiacha juani. Lazima nimechezea kile kiswichi cha mwendo. Asubuhi tuliibeba gramafoni kwa fundi kule Langoni, akaifungua, akabadilisha mpira, akachukua pesa. Ami alipomweleza shida yenyewe, fundi alicheka mpaka akashika meza. "Mzee, sahani moja, tundu moja. Pande zote mbili zinazunguka sawa!" Watu wawili waliokuwa wamekaa pale wakacheka pia. Ami akatia gramafoni kwapani, akatoka bila kuaga. Nilipigwa marufuku kuigusa hadi mwisho wa mwezi.

Hakuisikiliza tena? Aliisikiliza kila wiki. Ila alizoea: upande wa kwanza ukiisha, mkono wake wa kushoto unapanda wenyewe, unalegeza nyuzi moja baada ya moja, wakati mimi nageuza sahani. Flamenco Sketches ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Kuna mahali muziki unageuka, unakuwa wa Kihispania kabisa, na hapo alikuwa akiniambia, kila mara kana kwamba ni habari mpya, "Wameingia maqamu ya Hijazi hawa, wamepitia Andalusi."

Nikahamia Mombasa kikazi. Sanduku nililichukua, Kind of Blue nikamwachia.

Mwaka 1999 nilinunua sidii ya albamu hiyo, toleo jipya, na jioni moja nikaja kusoma habari zake. Albamu ilirekodiwa New York kwa siku mbili, Machi 2 na Aprili 22, 1959, katika studio ya Columbia iliyokuwa kanisa zamani. Nyimbo tatu za upande wa kwanza ni za Machi. Siku hiyo mashine ya tepu ilikuwa ikienda polepole kidogo kuliko inavyotakiwa, na tepu ikija kuchezwa kwenye mashine iliyo sawa, inakwenda haraka na sauti inapanda. Hivyo ndivyo ilivyochapwa, mamilioni ya nakala, dunia nzima. Mwaka 1992 ndipo ilipotoka iliyosahihishwa, kwa kutumia tepu ya akiba kutoka mashine nyingine. Miaka thelathini na mitatu. Nilicheka peke yangu kwanza, kisha nikakumbuka vicheko vya kule kwa fundi, nikaacha.

Nilikata tiketi ya basi. Nikashuka Mokowe, nikavuka kwa boti, nikafika kwa Ami baada ya alasiri nikiwa na redio ya sidii mkononi. Nilimweleza yote, mpaka tarehe. Alisikiliza huku akitafuna tambuu.

"Nilisema mashine," akasema. Basi. Kuhusu mwezi wangu wa marufuku hakuna neno lililotoka, na sikulitarajia.

Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, lakini udi aliushusha ukutani. Akazikaza nyuzi na ile piano. So What, Freddie Freeloader, Blue in Green. Alikuwa hapigi sana, anatia noti hapa na pale. Blue in Green ilipoisha, mkono wake wa kushoto ukapanda wenyewe, ukashika kigingi cha kwanza, ukalegeza. All Blues ikaanza. Akaupiga uzi ule, ukamkataa. Akaurudisha pale ulipokuwa, akaupiga tena, ukakubali.

Akauweka udi mapajani, akasikiliza mpaka mwisho bila kupiga tena, hata pale pa Hijazi.

"Ile ya Mfaransa iko wapi?" akauliza.

"Iko chini ya kitanda chako, Ami."

"Itoe."