Shangazi wa Sengerema

Anayekwambia "usiwaze sana" hajawahi kuishi na VVU huku anadaiwa hela ya dagaa. Mimi niliambiwa hivyo na dada yangu, na mzee wa kanisa, na hata jirani ambaye hajui naumwa nini. Mmoja akaongeza kwamba niache dawa nimwachie Mungu, wakati tulishaona 2011 watu walivyokunywa kikombe cha Babu wa Loliondo, dawa ya mitishamba iliyodaiwa kuponya hata UKIMWI, wakatupa ARV zao, yaani dawa za VVU, na wengine wao hatunao tena. Basi nikawa nawaza, halafu nawaza kwa nini nawaza. Shingo imekaza, usiku macho makavu, mtoto akidondosha kijiko namfokea mpaka majirani wanachungulia.

Dawa zenyewe hazikuwa tatizo sana. Enzi za efavirenz, dawa ya VVU ya zamani, niliota nakimbizwa na sangara mwenye miguu, lakini tangu 2019 tulipoanza kuhamishiwa TLD, dawa tatu ndani ya moja, ni kidonge kimoja kwa siku. Nilikimeza usiku kwa mazoea, usingizi ukaota mbawa. Mhudumu akaniambia nihamishie asubuhi, nikalala. Kwa hiyo ulizeni jamani. Na kama unatumia dawa za kiungulia au vidonge vya kuongeza damu, sema, maana vinapangiwa saa zake.

Kilichonimaliza ni hofu ya kuonekana. Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Pale ukipiga chafya, hadi kata ya Igogo wanakupa pole. Benchi la CTC, kliniki yetu wenye VVU, nikaliona liko katikati ya soko. Ndipo nikajiona nina akili: nitahamia ng'ambo! Nikaaga nyumbani kwamba shangazi anaumwa, nikapanda feri ya Kamanga, kisha gari la vumbi hadi kituo kimoja upande wa Sengerema. Nauli na chai vilikula faida ya ndoo nzima ya dagaa, wala sikujali. Mtandio nimeushusha hadi kwenye nyusi, machoni miwani ya jua ya mwanangu, nikajikunyata benchi la mwisho.

Pembeni yangu kulikuwa na mama aliyejifunika kunishinda. Akakohoa. Kile kikohozi nakifahamu! Ni mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya yetu, nimwite Mama Fulani. Tukatazamana.

"Na wewe huku, dada?"

"Shangazi anaumwa."

"Eeh. Hata mimi, shangazi."

Tukanyamaza hadi tulipoitwa, kila mmoja kwa namba yake. Kwenye feri wakati wa kurudi, yeye ndiye aliyeanza: "Shangazi hajambo?" Tulicheka mpaka abiria wakasogea. Kumbe alianza kuvuka kabla yangu, na kila akiniona kanisani alinionea wivu kwamba sina shida. Ile shingo iliyokaza ililegea nikiwa pale pale juu ya maji, na hakuna kidonge cha maumivu kilichowahi kuilegeza hivyo.

Wote wawili tukarudi kliniki za mjini. Mshauri akatueleza kuwa sheria ya UKIMWI ya 2008 inamkataza mhudumu kutoa siri ya mgonjwa. Sawa, sheria ni nzuri, ila kilichonitoa hofu zaidi ni kwenda tukiwa wawili. Mama Fulani ndiye pia aliyenifundisha la chupa. Mnajua vile vidonge vinavyolia kama kayamba ukitembea? Anashindilia pamba safi, kavu, juu yake. Vidonge vinabaki kwenye chupa yake, maana unyevu wa ziwa huu ukivihamishia kwenye karatasi utaviharibu.

Mshauri naye alinipa kitu nilichokidharau: yapangie mawazo saa. Yangu ni jioni, nikishaanua dagaa. Nafungua daftari la madeni kwa nyuma, naandika yote. "Mwenye gunia hajalipwa" lina kazi ya kesho. "Watanionaje" halina kazi, nalipiga mstari. Wazo likija saa nane usiku naliambia lisubiri jioni, na mengi jioni hayarudi. Daftari hilo ndilo lililonionyesha kuwa nusu ya mawazo yangu hayakuwa ya virusi hata kidogo. Yalikuwa ya mbalamwezi: boti hazitoki, dagaa hakuna, ada inadaiwa. Hayo nilitibu kwa kibubu. Wakati wa giza natumbukiza, mbalamwezi ikija navunja.

Wiki za kusubiri majibu ya wingi wa virusi bado zinanitesa, sitadanganya. Siku hizo sikopi mzigo wala sigombani na mtu, natembea hadi Pasiansi na kurudi. Ya mwisho yalikuja chini ya nakala 50 za virusi kwa mililita ya damu, na daktari akasema kwa hali hiyo simwambukizi mwenzangu kitandani, mradi niendelee kumeza bila kuruka. Ya Mama Fulani yakawa vivyo hivyo. Tukala sato mzima na ugali. Alilipa yeye, kwangu mbalamwezi ilikuwa haijaisha.