Border collie haombi mapumziko

Mbwa wengi wakichoka hukaa chini, wakakutazama, na safari ikaishia hapo. Border collie, mbwa wa kuchunga kondoo, hana tabia hiyo. Atakimbia na msuli uliochanika, atakimbia na nyayo zinazotoka damu, na jua likiwa kali atakimbia mpaka miguu ya nyuma ianze kupepesuka. Ndivyo alivyozalishwa. Wachungaji wa mpakani mwa Uingereza na Uskoti walichagua, kizazi baada ya kizazi, mbwa asiyeacha kazi kabla hajaambiwa. Karibu kila border collie wa leo, ukifuata ukoo wake, unafika kwa dume mmoja aliyeitwa Old Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893 kwa mfugaji Adam Telfer huko Northumberland. Kule malishoni breki ilikuwa mdomoni mwa mchungaji: filimbi ikilia, mbwa analala chini. Mbwa huyohuyo akiishi sebuleni, mori wa kazi anakuja nao, ila mpiga filimbi sasa ni wewe.

Ukitaka kukimbia naye kilimani, tuanzie nyumbani, maana matatizo mengi ya huko hupanda na mbwa kutoka nyumbani.

Kosa linalorudiwa sana ni kumchosha ili atulie. Unamkimbiza kilomita 5 kila asubuhi, anatulia wiki chache, kisha mwili unazoea na zile 5 zinakuwa kupasha misuli tu. Ukiongeza, naye anaongezeka. Kutulia hufundishwa, kama anavyofundishwa kukaa. Tandika mkeka au blanketi dogo. Akiukanyaga, weka punje ya chakula chake juu ya mkeka, katikati ya miguu ya mbele. Usiirushe, wala usimpe mkononi, kwa sababu unataka pua yake ielekee chini. Akijilaza, punje nyingine. Halafu subiri kitu kimoja mahsusi: aegemee nyonga moja, miguu ya nyuma ikitoka upande mmoja. Hapo ndipo misuli imelegea kweli, na hapo ndipo pa kulipa vizuri. Anza na dakika 3. Baadaye ongeza vishawishi kimoja kimoja: unasimama, unazunguka chumba, unafungua mlango, unavaa viatu vya kukimbilia bila kwenda popote. Wanaoshindwa zoezi hili mara nyingi wanamlipa mbwa aliyelala huku amekaza shingo na kukodoa macho. Huyo hajatulia, anavizia, na ukimlipa unamfundisha kuvizia.

Mbwa mzima alale saa 12 hadi 14 kwa siku, mtoto hata zaidi. Mtoto wa collie anayeng'ata visigino vya watu jioni mara nyingi ana usingizi tu, ingawa wenye nyumba humtoa nje kucheza zaidi na kuzidisha balaa. Mpira wa kurushwa nao nauogopa. Kukimbia kasi, kufunga breki ghafla na kugeuka, mara hamsini mfululizo, kunaumiza mabega na viwiko kuliko kilima chochote, na mbwa wa aina hii huugeuza mpira kuwa uraibu. Taa za leza msimguse nazo kabisa. Baadhi yao huishia kufukuza vivuli ukutani siku nzima.

Kazi ya akili inamfaa zaidi. Mbwa jike aliyeitwa Chaser, aliyefundishwa na mwanasaikolojia John Pilley kule Marekani, alijua majina ya vitu vya kuchezea 1,022. Wako hahitaji kufika huko. Mpe kitu kimoja na jina lake kwa siku kadhaa, akilete kikiwa peke yake, akilete kikiwa kati ya vitu asivyovijua majina, ndipo umwongezee cha pili. Dakika 10 za kazi hiyo zinamlaza usingizi.

Sasa mbio. Swali la kwanza ni umri. Mifupa ya mbwa hurefuka kwenye gegedu laini karibu na ncha zake, na gegedu hilo kwa border collie hufunga na kuwa mfupa kati ya miezi 12 na 18. Kabla ya hapo acha akimbie huru kwenye majani kwa mwendo anaouchagua mwenyewe, asimame anapotaka, anuse anapotaka. Mbio ndefu za mwendo mmoja, kuruka kutoka juu na kuteremka miteremko mikali vingoje. Kabla ya kuanza, daktari wa mifugo amkague nyonga, viwiko na moyo.

Mbwa mzima asiyezoea aanze na dakika 20, akipishana dakika 2 za mbio na 2 za kutembea, mara 3 kwa wiki, siku ya kupumzika katikati. Baada ya wiki mbili ongeza muda kidogo kidogo. Kanuni ninayoiamini ni kuongeza jambo moja kwa wakati: ukiongeza umbali wiki hii, mwinuko ubaki uleule. Mapafu ya collie hujenga nguvu haraka kuliko kano zake na ngozi ya nyayo, kwa hiyo mwezi wa kwanza ataonekana anaweza mara mbili ya anachopaswa kufanya.

Kupanda hakuna shida sana. Shida ni kuteremka. Mbwa akisimama tambarare, miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake. Akiteremka mteremko mkali mzigo huo unazidi, na kila hatua ni pigo kwenye bega na kifundo cha mguu wa mbele. Sehemu kali zaidi mteremke kwa kutembea. Mfundishe amri ya "nyuma" kwenye njia nyembamba, akufuate kisiginoni, kwa sababu mbwa wa kilo 18 akikuvuta kwenye changarawe la mteremko mtaanguka wote wawili.

Vifaa ni vichache. Kamba isifungwe kwenye ukosi wa shingoni wakati wa kukimbia, maana akivuta inakandamiza koo. Tumia mkanda wa kifuani wenye umbo la Y, ule unaoacha mabega yasogee mbele bila kuzuiwa. Ule unaokata mlalo mbele ya kifua unafupisha hatua zake. Upime kwa vidole viwili chini ya kila ukanda, kisha baada ya mbio za kwanza angalia kwapani kama manyoya yamelala au ngozi imekuwa nyekundu. Kamba ya mita 2 hivi yenye mpira ndani, iliyofungwa kwenye mkanda wa kiunoni mwako, inapunguza mshtuko kwenu nyote. Ongeza chombo cha kukunja cha kunywea, shashi, bandeji inayojishika yenyewe, soksi moja ya mbwa, kibano cha kupe, na kitambaa imara cha kumbebea. Hicho cha mwisho watu hukicheka, mpaka siku wanapolazimika kuteremsha kilo 18 mikononi.

Joto ndilo linaloua. Mbwa hatoi jasho la maana zaidi ya kidogo chini ya nyayo. Anapoza mwili kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu mwingi kuhema kunasaidia kidogo. Mgongo mweusi unafyonza jua. Zaidi ya nyuzi 20 za Selsiasi mimi nafupisha mbio na kutafuta kivuli, na kukiwa na unyevu hata chini ya hapo. Usimnyoe ukidhani unampoza. Manyoya yake ya tabaka mbili yanamkinga na jua, na baada ya kunyolewa huweza kuota vibaya. Mchanue yale ya ndani tu, mara mbili kwa wiki.

Soma ulimi. Ukiwa mwekundu na mwembamba, bado yuko salama. Ukipanuka mwishoni kama kijiko na pembe za mdomo zikivutwa nyuma, simama. Ukiona anatafuta kila kivuli, mate yamekuwa mazito, au mbwa anayekuwa mbele siku zote amebaki nyuma, siku hiyo mbio zimekwisha. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39.2. Mbwa anayefanya kazi ngumu anaweza kupita 40 kwa muda, kisha likashuka akipumzika. Akifika 41 huku anayumba, anatapika au hakutambui, hiyo ni dharura, na unampoza hapohapo kabla ya kumbeba kwenda popote. Mmwagie maji mwili mzima, hasa tumboni na kwapani, bila kusubiri upate ya baridi, maana maji yoyote yaliyo baridi kuliko mwili wake yanafaa. Kisha mpepee. Usimfunike taulo bichi na kuliacha. Linapata joto na kulifungia ndani. Joto la mwili likishuka hadi karibu 39.5 acha kummwagia, ndipo umkimbize kwa daktari hata kama ameinuka.

Kuna na ugonjwa wa kuanguka unaojulikana kwa aina hii ya mbwa. Akiwa ametulia hana dalili yoyote. Baada ya dakika 5 hadi 15 za mbio kali anaanza kuyumba, kuburuza miguu, macho kama ya mlevi, na baada ya nusu saa hivi ya kupumzika amerudi kama zamani. Wenye mbwa hudhani ni jua tu. Si ule ugonjwa wa kuanguka wa mbwa aina ya Labrador, kwa hiyo kipimo cha vinasaba cha Labrador hakiutambui. Mpige video, mpelekee daktari, na tangu hapo mbio za kasi na michezo ya kumpandisha mori viachwe.

Maji ya siku ni takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo, yaani kama lita moja kwa mbwa wa kilo 18 asiyekimbia. Kilimani beba nusu lita ya ziada kwa kila saa, zaidi kukiwa na joto, na umpe mafunda machache kila dakika 15 au 20. Madimbwi yenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika usimruhusu hata kuogelea; mwani huo una sumu inayoweza kumuua haraka. Chakula kiwe saa 3 kabla ya mbio au saa moja baada yake. Tumbo likivimba na akawa anajaribu kutapika bila kutoa kitu, mkimbize kwa daktari, usingoje kupambazuke.

Kuhusu mifugo, mfunge kamba kabla hamjaiona. Masikio yake yatakujulisha: yanasimama, kichwa kinashuka chini ya mabega, mguu mmoja unaning'inia hewani. Akishafika hapo, jina lake halisikii. Kwa hiyo kabla ya kumwachia popote, mfundishe kulala chini akiwa mbali, kwa kamba ya mita 10, umbali ukiongezeka mita chache kila wiki. Amri hiyo ni bora kuliko "njoo": anayekuja kwako anaweza kukatiza barabara au ukingo wa jabali, aliyelala yuko palepale. Ng'ombe wenye ndama wakikujia, mwachie mbwa kamba. Yeye atawakwepa, wewe huwezi.

Mkirudi, mpapase kuanzia masikioni hadi mkiani. Kati ya vidole kunajificha mbegu za majani zenye ncha, ambazo hutoboa ngozi na kusafiri ndani. Kupe mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute wima, taratibu, bila mafuta wala moto. Dawa ya kupe au minyoo ya kondoo usimpimie kwa kukisia: baadhi ya mbwa wa jamii ya collie, border collie wachache wakiwemo, wana hitilafu ya kinasaba cha MDR1, na dozi kubwa ya ivermectin, dawa ya minyoo, inaingia hadi kwenye ubongo. Ibuprofen yako ya maumivu nayo ni sumu kwake.

Kesho yake mtazame hatua kumi za kwanza anapotoka kitandani. Fanya hivyo kabla hujagusa viatu, kwa sababu akishaviona, kuchechemea kunatoweka.