Tarehe 13 Haikupambazuka
Juzi binti yangu alinyoosha uzi juu ya tufe la dunia, kutoka Los Angeles, Marekani, hadi Auckland, New Zealand, akaupima kwa rula. Akapata kama kilomita 10,500, na kweli haikosi sana. Kisha akaja na tiketi yangu ya zamani mkononi. "Baba, safari ni saa 13 tu. Mbona uliondoka tarehe 12 ukafika tarehe 14?"

Mwaka 2016 hesabu hiyo mimi niliikosea. Mama alikuwa anatimiza miaka 70 tarehe 13 Juni, kwa dada yangu Auckland. Nikahesabu kwa vidole: naondoka saa tatu na nusu usiku wa tarehe 12, saa 13 angani, asubuhi ya 13 niko naye. Nikampigia simu, nikamwahidi. Kando ya saa ya kufika kulikuwa na alama ndogo, +2. Niliiona. Nikadhani ni idadi ya mabegi.

Nilishtuka usingizini katikati ya giza. Abiria karibu wote wamelala, injini zinanguruma sauti ileile moja, na kwenye skrini iliyo mbele yangu kindege cheupe kinaukaribia mstari wa nukta unaoshuka katikati ya Bahari ya Pasifiki, ukipinda hapa na pale. Jirani yangu, bibi mmoja Msamoa, alikuwa macho. Nikamnong'oneza kwamba leo mama yangu anatimiza miaka 70.

Akaweka kidole juu ya mstari ule. "Siku yake ni tarehe 13?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi ishike vizuri, mwanangu. Inaisha sasa hivi."

Akanieleza kwamba ule ni mstari wa tarehe, ukiuvuka kuelekea magharibi unaruka siku moja mbele, na kwamba mwaka 2011 nchi yake nzima, Samoa, ililala Alhamisi, Desemba 29, ikaamka Jumamosi, Desemba 31, kwa sababu ilihamia upande wa pili wa mstari huohuo. Hapo ndipo nilipohesabu upya. Auckland ilikuwa mbele ya Los Angeles kwa saa 19. Wakati nafunga mkanda, kwa mama ilikuwa tayari saa kumi na nusu alasiri ya tarehe 13, na katika Juni ya huko jua huzama mapema. Kwangu mimi tarehe 13 ilikuwa saa chache za usiku juu ya maji, basi. Nilikitazama kindege kikigusa mstari, kikavuka. Hakuna kilichotikisika.

Tulitua saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwenye baridi, nami nimetoka kwenye joto. Mama alikuwa amesimama pale wanapotokea wasafiri, amevaa gauni jipya la buluu lenye mikunjo mgongoni. Akanikumbatia. "Umefika salama, mwanangu. Hilo ndilo."

Miaka mitatu baadaye, tulipokwisha kumzika, dada akaniambia kwamba tarehe 13 pia mama alikuja uwanjani, na gauni lilelile. Alikaa tangu alfajiri hadi adhuhuri, akakataa kuondoka. Simu hawakupiga, waliamini niko angani. Saa hizo mimi nilikuwa bado Los Angeles, bado tarehe 12, nakunja mashati.

Binti yangu ameandika saa 13, na amepatia. Tiketi ameiacha mezani, kando ya uzi.